Propela ya mbele: Mwanza hadi Nansio na kurudi

Jumanne

Tulipakia tangu usiku wa Jumatatu ili alfajiri tusikutane na foleni ya Igoma: marobota ya nyavu za dagaa, kamba, maboya, betri na taa. Mbalamwezi ilikuwa imepevuka, na huo ndio wakati wetu sisi tunaopeleka vifaa visiwani. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukijaa wavuvi hubaki nchi kavu, hushona nyavu, hulipana madeni, na ndipo hukumbuka kununua. Ukichelewa, giza likirudi, mchana unawakuta wamelala na usiku wako majini.

Gari ni Land Rover 110 pikapu, Tdi, mali ya bosi, lenye umri wa kutosha kugombea ubunge. Kwa asiyezijua gari hizi: magurudumu yote manne huvuta muda wote. Transfa, lile boksi la gia linalofuata giaboksi, ina difu yake ya katikati inayogawa nguvu kati ya propela mbili, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye akseli: ya mbele na ya nyuma. Kwenye Land Cruiser zenye hab (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono, ukifungua hab propela ya mbele inalala. Ya kwetu hailali. Inazunguka hata ukienda dukani kununua mkate, na ndiyo maana krosi zake, viungo vinavyoiruhusu kukunjika, huchakaa bila gari kuonja tope.

Kisesa, Magu, daraja la Simiyu, kimya. Tulipopita Lamadi, karibu na geti la Ndabaka, nikapunguza mwendo kupisha ng'ombe, nikasikia kitu chini ya miguu: kwichi, kwichi, kwichi. Nikafungua dirisha. Nikakanyaga klachi, enjini ikashuka, sauti haikushuka nayo, basi si enjini. Nikaongeza mwendo, kwichi zikasogeleana, nikapunguza, zikaachana. Beringi ya gurudumu huunguruma, halafu hubadilika sauti ukikata kona. Hii kona haikuijali kabisa.

Bunda tukasimama, tukaweka mawe kwenye tairi, nikaingia chini na dogo, utingo wetu, akinishikia tochi ya simu. Propela ya mbele ni fupi, ina krosi mbili: moja upande wa transfa, moja upande wa difu, na katikati kuna meno yanayoiruhusu kurefuka na kufupika akseli inaporuka. Nikashika flenji kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, nikazikamua kinyume. Upande wa difu, imara. Upande wa transfa, tk, tk. Mchezo mdogo ambao vidole vinausikia kabla jicho halijauona.

Kilichonikalisha pale chini zaidi ni rangi. Kwenye sili ya kikombe kimoja cha krosi kulikuwa na vumbi jekundu. Vumbi la barabara ukilipitishia kidole linafutika, ila hili lilikuwa limeganda na chuma. Ni kutu ya sindano za beringi iliyo ndani ya kikombe, zilizokosa grisi zikasagana zenyewe kwa zenyewe. Nikachukua bomba la grisi, nikasukuma kwenye nipo, kile kitundu cha kuingizia grisi. Krosi nzima, grisi mpya inatakiwa kuchungulia kwenye sili zote nne. Ikachungulia tatu. Kikombe cha nne kilikuwa kimeziba, na hicho ndicho kilichokuwa chekundu.

Dogo akauliza tunarudi au tunaendelea. Mchezo ulikuwa bado mdogo, mzigo una wenyewe, na krosi huwa haikatiki ghafla bila kukupigia kelele kwanza. Tukaendelea taratibu, redio imezimwa. Kisorya tukawahi kivuko cha mwisho tulichokitaka, tukashuka Rugezi jua linazama, tukalala Nansio.

Jumatano

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, na barabara zake za ndani za changarawe zinatosha kumaliza ubishi wa gari lolote. Tulishusha nyavu kwenye mialo, fukwe za wavuvi, upande wa Ilangala. Kufika mchana ile kwichi ilikuwa imekoma. Msifurahi: sauti nyembamba ikikoma ujue grisi imerudi, au chuma kimeisha. Kwetu kilikuwa kimeisha. Sasa kila nikiachia mafuta na kukanyaga tena, ngo! Na kwenye mteremko mtetemo ukapanda mpaka kwenye kiti.

Hapo ndipo mtu anatakiwa aache ushujaa. Propela ikikatikia upande wa difu, ncha ya mbele inaweza kuchimba ardhi. Ikikatikia upande wa transfa, kipande kinachobaki kinazunguka na kupiga kila kilicho jirani, giaboksi ikiwemo. Krosi ni kitu cha bei ndogo. Ganda la giaboksi sivyo.

Nansio wakatuelekeza kwa fundi mmoja, mzee mwembamba anayefanya kazi chini ya mwembe, ambaye mashine yake kubwa ni jiliwa lililofungwa kwenye gogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Imepiga kelele tangu wapi?"

"Tangu Ndabaka."

"Basi imewavumilia."

Namna alivyoifungua nimeihifadhi kichwani. Gia huru, difu ya katikati haijafungwa, hendibreki juu, mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Halafu akapiga jeki gurudumu moja tu la mbele. Kwa nini moja? Kwa sababu lile gurudumu likiwa hewani unaweza kulizungusha kwa mkono, propela inazunguka nalo, na kila nati inakuja yenyewe mahali spana inapofika. Asiyejua hujikunja chini ya gari akitafuta nati ya juu kwa kuotea. Halafu akanionya jambo ambalo madereva wengi wa gari hizi hawaambiwi: hendibreki yake haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma pale inapotokea kwenye transfa. Kwa hiyo ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma ukitegemea hendibreki peke yake, gari linaweza kuondoka na jeki yako.

Nati ni nne kila upande, za spana ya 9/16. Upande wa difu soketi ya kawaida inagombana na shingo ya krosi, haikai. Mzee alikuwa na soketi aliyoinoa kwenye jiwe mpaka ukuta wake ukawa mwembamba, ikapita. Kabla ya kugusa nati hata moja alichukua tindo akapiga alama ndogo: kwenye flenji na shafti, kisha kwenye vipande viwili vya shafti pale vinapoingiliana kwa meno. Nikamwuliza ya katikati ni ya nini, maana hatukuwa na mpango wa kuvichomoa.

"Leo hamna. Kesho atakuja mwingine avichomoe, arudishe jino moja pembeni, halafu mtasema krosi mpya ni mbovu."

Shafti ikatoka. Akaibana kwenye jiliwa, akatoa klipu, akagonga kikombe kile chekundu kwa taratibu. Krosi yenyewe ni msalaba wa chuma, na kila mkono wake umevaa kikombe kidogo, kama kizibo cha soda kilichorefuka, ndani kimepangwa sindano nyembamba zilizosimama bega kwa bega. Kikombe kilipotoka hakikuwa na sindano. Kulikuwa na unga wa rangi ya matofali na vipande viwili vitatu vilivyopinda. Mkono wa msalaba ambao ulipaswa kuwa laini ulikuwa umechimbika mistari, kila mstari mahali sindano ilipolala. Ukipitisha ukucha unakwama. Akanipa nishike, akaendelea kufuta mikono.

Krosi ya Land Rover Nansio siku hiyo hatukuipata. Kusubiri meli ilete kutoka Mwanza kungetula mchana na usiku. Mzee akasema, mbona rahisi, acheni propela nje, fungeni difu loki, ile inayoifunga difu ya katikati, mwondoke na ya nyuma.

Dogo hakuamini. Nikaona niondoe ubishi hadharani, maana watoto walishakusanyika. Nikawasha, gia ya kwanza, nikaachia klachi bila kufunga difu loki. Enjini ikanguruma, gari halikusogea hata unywele, na chini flenji tupu ya mbele ikawa inazunguka kwa raha zake. Watoto wakacheka. Difu ndivyo ilivyo: nguvu hukimbilia upande usio na kazi, na upande wa mbele sasa haukuwa na kazi kabisa. Nikasukuma wenzo wa transfa kushoto, taa ya difu loki ikawaka kwenye dashibodi, nikaachia klachi tena. Gari likaondoka. Dogo akabaki amesimama na jiwe la tairi mkononi.

Siku zote tunaonywa tusifunge difu loki kwenye lami, na onyo ni la haki: kwenye kona mbele na nyuma hazitembei umbali sawa, zikifungwa pamoja zinakamuana mpaka kitu kivunjike. Lakini propela ya mbele ikiwa nje hakuna cha kukamuana nacho. Unaweza kwenda nayo mpaka Dodoma. Gharama yake ni nyingine: mzigo wote wa kuvuta umebebwa na akseli ya nyuma peke yake, na likija tope huna pa kukimbilia.

Alhamisi

Na tope likaja. Mvua ilipiga usiku kucha. Tulikuwa tumepakia magunia ya dagaa wakavu ya mteja wa soko la Mwaloni, Mwanza, mzigo mwepesi lakini wa kimo, ukafungwa turubai. Nikamwachia mzee bomba la grisi, kwa sababu alilitazama zaidi ya alivyotazama pesa, naye akatupa kopo lenye bolti zetu zote, zimepakwa oili.

Rugezi tuliingia kivukoni vizuri. Shida ilikuwa Kisorya, kutoka. Mlango wa kivuko ulikuwa umelowa, umepakwa tope na magari yaliyotangulia, halafu mbele kuna kijimlima kifupi. Siku nyingine usingekiona. Tairi za nyuma zikagusa bati, zikateleza, gari likakaa kimshazari na mkia unatazama maji. Mtu wa kivuko akapiga mluzi. Nikatoa mguu, nikalirudisha hatua mbili likanyooka, nikahamisha transfa iwe ya chini, gia ya pili badala ya ya kwanza ili nguvu isije kwa pupa, na abiria wa vivuko wenye huruma yao wakapanda nyuma kwenye bampa wakiwa wanne, kuongeza uzito kwenye akseli. Likapanda polepole, tairi zinatafuna tope kidogokidogo. Juu pale nikawashukuru, mmoja akadai soda. Akapewa.

Njia iliyobaki sina la kusema. Bunda chai. Mto Mbalageti ulikuwa umejaa, rangi ya kahawa. Mwanza usiku.

Ijumaa

Siku ya madukani, ambayo humchosha dereva kuliko safari.

Bosi alishapigiwa simu na mtu mwenye propela nzima, "yuzdi kutoka nje, haina shida". Akataka tuichukue, tufunge, tumalize. Nikamwomba twende na ya kwetu mkononi. Nisemavyo mimi ni hivi: kabla ya kununua shafti nzima jua kwanza kilichokufa ni nini. Krosi zikichakaa unabadilisha krosi. Meno ya katikati yakichakaa, krosi mpya hazitakusaidia, mtetemo utabaki pale pale. Na masikio yale yanayoshika vikombe yakipanuka, hapo shafti imekwisha, hata kama mtu wa kuchomelea atakuapia. Nimeona vikombe vilivyochomelewa kwenye masikio ili visicheze. Vinakaa mpaka siku vinapokufa, na siku hiyo havitoki tena.

Dukani ile shafti ilikuwa imepigwa rangi nyeusi inang'aa. Rangi kwenye shafti kuukuu hunitia wasiwasi, maana chuma kizima hakihitaji kuvalishwa. Nikaikunja krosi: ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili ilikwama katikati ikaachia, ikakwama, ikaachia. Nikashika sehemu ya meno nikaitikisa juu na chini. Ilicheza. Nikampa bosi na ya kwetu aitikise vile vile. Haikucheza. Mwenye duka akasema ikishafungwa inajibana. Bosi, ambaye pesa ni zake, akacheka mwenyewe akairudisha mezani. Kwa bei ile tungenunua krosi nne na sato wa kukaanga juu yake.

Tukatafuta krosi. Aina zilikuwa nyingi kwenye maboksi yanayofanana, na boksi halimwambii mtu kitu. Nilichoangalia: vikombe vipimwe kwa kipimo dhidi ya cha zamani, kwa sababu tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho inafanya kikombe kisiingie au kiingie kwa kulegea. Nipo iwepo, maana nyingine huja zimefungwa, zisizopakwa grisi maisha yake yote, na kwa barabara zetu na vivuko vyetu hiyo siitaki. Sili ziwe laini na zikae sawa. Klipu ziwe nne. Tukachukua mbili, ya upande wa difu pia, japo ilikuwa imara. Shafti ikishakuwa mezani, kuacha krosi ya umri ule ule ni kujipangia kazi ya Kisorya nyingine. Na nati mpya za kujikaza, kwa sababu nailoni ya ndani ikishafunguliwa haishiki kama mwanzo.

Jumamosi

Gereji Nyakato. Fundi wa hapa ni kijana, ana jiliwa kubwa na haraka zake. Alipoona alama za tindo akauliza nani kazipiga. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa heshima, akachomoa vipande viwili, akasafisha meno kwa dizeli, akavirudisha alama kwa alama. Ukitazama shafti hii ya mbele masikio ya ncha mbili hayalingani, na fundi asiyeijua hushawishika kuyalinganisha. Yaache yalivyotoka kiwandani.

Kazi ya krosi ni ya subira. Vikombe vya zamani vilitoka kwa soketi ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, jiliwa likikaza. Masikio yakasafishwa mpaka kwenye mifereji ya klipu. Krosi mpya ikaingizwa, vikombe vikaanza kubanwa kutoka pande mbili, na hapo kimoja kikasimama. Fundi akataka kuongeza nguvu. Nikamwomba atazame klipu kwanza: mfereji ulikuwa bado umefunikwa nusu. Maana yake moja tu, sindano imelala. Ndani ya kikombe sindano moja ikianguka kutoka kwenye mstari inalala chini kwenye kitako, na kikombe hakifiki mwisho hata ukipiga kwa nyundo ya reli. Ukilazimisha, unaipasua sindano ile na kikombe pamoja. Akatoa. Ilikuwa imelala kweli, chini kabisa, imefunikwa na grisi. Akaisimamisha kwa ncha ya bisibisi, akaongeza grisi nzito iwashikilie wenzake, akarudia. Klipu ikaingia, ikalia *tik*.

Klipu zote zilipokaa, krosi ilikuwa ngumu kukunjika. Akagonga masikio kwa nyundo ya shaba, pigo moja moja jepesi, vikombe vikarudi nyuma kugusa klipu zao, na krosi ikalegea ikawa inakunjika kwa kidole. Hatua hii wengi huiruka, wakisema itajilegeza barabarani. Ikilegea barabarani imelegea kwa kula sindano.

Shafti ikarudi chini ya gari, jeki gurudumu moja kama Nansio, nati zikakazwa kwa spana ya kipimo, Nm 47. Grisi ikasukumwa: sili nne, grisi nne. Kwenye meno ya katikati kijana alitaka kushindilia mpaka imwagike, nikamzuia. Pale grisi ikijaa shafti inakosa nafasi ya kufupika, na akseli ikipanda juu inasukuma transfa.

Jaribio tukalifanyia barabara ya Usagara hadi Daraja la Kigongo–Busisi. Miaka yote pale tulikuwa tunalala foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 unapita juu ya maji kwa takriban kilomita tatu bila kuzima enjini, na lami yake ni laini kiasi kwamba mtetemo wowote unaousikia ni wa kwako. Difu loki nimefungua, taa imezimika. 60, 80, achia mafuta, kanyaga. Hakuna ngo, hakuna kwichi. Kuna mlio wa tairi na upepo wa mlango wa dogo usiofunga vizuri, huo upo tangu nimelijua gari hili.

Jumatatu

Kabla ya kupakia nikaingia chini na spana. Nati moja ya upande wa difu ilikubali kidogo, nyingine zote zilikataa. Grisi iliyorushwa kwenye sakafu ya bodi nikaifuta yote, ili ikionekana tena tujue ni mpya na inatoka wapi.

Bosi akaja na orodha ya Ukerewe, akauliza kama gari liko tayari. Nikamwambia liko tayari. Akatazama kwenye boksi la vifaa, akauliza bomba lake la grisi liko wapi.

Nikamwambia liko Nansio, chini ya mwembe, na kwamba kabla hatujapakia robota hata moja anunue lingine.